Kuta na Kukutana: Uhakiki wa Mahali pa Mikutano ya Siasa katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Mwanafunzi anapofikia somo la mnyumbuliko wa vitenzi, mwalimu humwandikia ubaoni mzizi mmoja na kumwonyesha jinsi unavyozaa: kukuta, kukutana, kukutanisha, kukutanishwa. Baadaye, katika somo la ngeli, mwanafunzi huyo huyo hupambana na neno ukuta, ambalo wingi wake ni kuta. Hapo aghalabu hutokea mmoja darasani akauliza kama maneno haya ni ndugu. Sisi hatudai kuwa ni ndugu. Lakini swali lenyewe lina maana kuliko mwulizaji anavyodhani: je, kuta hukutanisha watu, au huwatenga?

Swali hilo ndilo tunalolichukua kuwa msingi wa makala haya. Siku hizi wasanifu wengi wa majengo husema kwamba ukumbi wa siasa unaozifaa zama zetu ni ule unaonyumbulika, yaani unaoweza kupanuliwa, kufinywa na kugeuzwa kwa shughuli mbalimbali. Tena uwe umeunganishwa kwa mitambo ya kidijitali na watu wasioweza kufika. Wazo hilo si baya. Lakini wazo lolote halina budi kupimwa mahali fulani, na sisi tumeamua kulipima katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia kisiwa cha Ibo hadi Palma, karibu na mto Ruvuma, pamoja na uwanda wa Mueda ulio bara yake. Huko husemwa Kimwani, Kiswahili, Kimakonde, Kimakua, na Kireno ambacho ni lugha rasmi ya nchi. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko wana mapokeo marefu ya kujenga mahali pa kuzungumzia mambo ya wote. Pili, huko mkutano wa siasa umewahi kuwagharimu watu maisha yao, kwa hiyo uhakiki wa jengo la mkutano si mchezo wa watu wenye nafasi.

I. Neno na jengo

Tuanze na neno baraza, kwani sisi ni walimu wa lugha. Neno hili ni la ajabu kwa namna linavyochukua maana zake. Baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba. Baraza pia ni mazungumzo ya wale wanaoketi hapo. Tena baraza ni chombo cha utawala: Baraza la Mawaziri, Baraza la Wazee, Baraza la Mji. Msemaji wa Kiswahili hutoka katika maana moja na kuingia nyingine bila kujikwaa, kwa sababu kwake jengo, mazungumzo na mamlaka ni jambo moja lenye nyuso tatu. Hata neno ukumbi limepita njia kama hiyo: lilikuwa jina la sehemu ya nyumba anapopokelewa mgeni kabla hajaingia ndani, na leo ndilo tunaloitia nafasi kubwa inayokusanya maelfu.

Basi baraza la pwani lina sifa tatu ambazo msanifu wa leo angezitamani. Halina mlango, hivyo apitaye huweza kusikia, akasimama, akaketi, akaondoka bila kuomba ruhusa. Liko mpakani, nusu ya mwenye nyumba na nusu ya njia. Nalo hubadilika kwa saa: asubuhi ni duka, mchana ni kivuli, jioni ni mahakama ya mambo madogo, na usiku wa msiba ni mahali pa kulala wageni. Unyumbufu wake hautokani na kuta zinazosukumwa, bali na kuwa halikuzungushiwa kuta tangu mwanzo.

Wamakonde wa uwanda wa Mueda nao walikuwa na jengo lao, chitala, lililosimama katikati ya makazi. Lilikuwa paa juu ya nguzo, bila kuta za kuficha. Hapo wanaume walikula, walifanya kazi za mikono, walipokea wageni na kuamua kesi. Chitala na baraza ni majengo ya watu wa dini na mila mbalimbali, lakini yanakubaliana katika jambo moja: neno linalowahusu wote lisemwe mahali ambapo wote wanaona nani analisema.

Hata hivyo, tusiyatukuze majengo haya kupita kiasi. Yote mawili yalikuwa hasa mahali pa wanaume. Mwanamke alisikia kutoka uani, au alisimuliwa baadaye. Na katika miji ya pwani iliyoshiriki biashara ya watumwa, kuketi barazani kulikuwa cheo: kulikuwa na aliyeketi, aliyesimama, na aliyeleta kahawa. Mhakiki anayelisifu baraza bila kutaja hayo anasifu nusu ya jengo.

II. Veranda na ngome za Ibo

Kisiwani Ibo, uliokuwa mji mkuu wa eneo hili mpaka mwanzo wa karne ya 20, mtu huweza kuyasoma mambo haya kwa macho. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimepanga veranda zenye nguzo kando ya njia, na chini ya veranda hizo kuna viti vya mawe. Msanifu alijua kwamba njia ni chumba kimojawapo cha mji.

Lakini kisiwa hicho hicho kina ngome ya São João Baptista, iliyojengwa na Wareno mwaka 1791 kwa umbo la nyota. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni ngome hiyo ilifanywa gereza la watu waliotuhumiwa kwa siasa. Haukuwepo mbali na veranda ukuta uliojengwa ili sauti isitoke. Majengo haya mawili yalitumia mawe na chokaa ya aina moja, wala si ajabu kama mafundi walikuwa wa ukoo mmoja. Hivyo tunajifunza mapema kwamba vifaa havina siasa ndani yake. Siasa imo katika swali la nani anaweza kuingia, na la muhimu zaidi, nani anaweza kutoka.

III. Mueda, 16 Juni 1960

Hapana mahali ambapo swali hilo lilijibiwa kwa ukatili kama Mueda. Siku ya 16 Juni 1960 watu wengi walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno. Wawakilishi wao, Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, waliokuwa wametoka Tanganyika, walikuwa wamekuja kudai mazungumzo juu ya uhuru. Gavana wa jimbo alifika kutoka pwani. Kwa ushuhuda wa Alberto Chipande, uliochapishwa katika kitabu cha Eduardo Mondlane mwaka 1969, gavana aliwaita viongozi ndani ya ofisi, akakaa nao kwa saa nyingi. Halafu alitoka kwenye veranda, akauliza umati ni nani anayetaka kusema. Wengi walitaka. Aliwaambia wasimame upande mmoja. Kisha akaamuru wafungwe mikono.

Watu walipojaribu kuzuia viongozi wasichukuliwe, risasi zilipigwa. Frelimo ilitaja watu wapatao 600 waliouawa. Wanahistoria wengine wametaja idadi iliyo ndogo zaidi. Hatuna nia ya kuamua hesabu hiyo hapa. Tunataka kutazama jengo.

Lilikuwa na kila kitu tunachokisifu katika baraza. Lilikuwa na veranda. Lilikuwa na uwanja ulio wazi. Mwenye mamlaka alitoka nje, akasimama mbele ya watu, akawakaribisha waseme. Mtu anayehakiki kwa kutazama ramani pekee angesema ni mahali pazuri pa mkutano. Lakini baraza hilo lilikuwa limegeuzwa maana. Veranda iliinuliwa juu ya watu badala ya kuwa kiti chao; mazungumzo ya kweli yalifanywa chumbani, wala umati haukuyasikia; na mwaliko wa kusema ukawa njia ya kuwatenga wasemaji na wenzao. Kwa maneno mengine, uwanja ulio wazi ulitumiwa kama chujio. Tangu siku hiyo, kila mwenye kubuni mahali pa mikutano katika nchi ile hana budi kujua kwamba anawajengea watu wanaokumbuka jambo hilo.

Nao hawakuliacha lisahauliwe. Wakazi wa Mueda walilifanya tukio hilo mchezo wa kuigiza, wakauchezea mahali pale pale lilipotokea. Ruy Guerra akaupiga filamu, Mueda, Memória e Massacre, ya mwaka 1979. Wenyeji waliwaigiza Wareno kwa kejeli, na watazamaji walicheka katika uwanja wa kilio. Sisi twauona mchezo ule kuwa ndio uhakiki bora kabisa wa jengo lile. Hakuna jiwe lililobomolewa, lakini veranda ilinyang'anywa bwana wake: aliyekuwa chini akapanda juu, akasema alichotaka, na mara hii hakufungwa mikono. Unyumbufu wa kweli wa jengo ulipatikana siku watu walipobadilisha nafasi zao ndani yake.

IV. Kumbi za msituni na kumbi za saruji

Wakati wa vita vya ukombozi mikutano ilihamia msituni. Mkutano Mkuu wa pili wa Frelimo ulifanyika Julai 1968 huko Matchedje, katika jimbo jirani la Niassa, ndani ya eneo lililokombolewa, katika vibanda vya miti na nyasi. Ukumbi wa namna hiyo hujengwa kwa siku chache, huachwa bila majuto, na hausaidii ndege ya adui. Jambo jingine lilibadilika pia. Tangu mwaka 1967 wanawake walianza kupewa mafunzo ya kijeshi katika kikosi chao wenyewe, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuzungumza na wananchi vijijini. Mila ya chitala, iliyomtaka mwanamke asikie kwa mbali, ilipata ufa.

Baada ya uhuru wa 25 Juni 1975 ulikuja wakati wa mikutano mikubwa ya hadhara chini ya miembe na katika viwanja vya vijiji vipya vya ujamaa, ambavyo vilipangwa kwa mistari iliyonyooka. Kisha, Septemba 2012, Frelimo ilifanya Mkutano Mkuu wake wa 10 mjini Pemba, katika eneo la Muxara. Kutoka vibanda vya nyasi hadi ukumbi wa wajumbe wenye vitambulisho ni safari ndefu. Haistahili dhihaka, maana chama kinachotawala kinahitaji paa na viti. Lakini inastahili kuulizwa: mvuvi wa Paquitequete, mtaa wa pwani wa mji huo huo, alisikia nini siku zile, na kwa lugha ipi?

Tukitazama kumbi nyingine za Afrika Mashariki, twaona mafanikio na maonyo. Jumba la Mikutano la Kenyatta mjini Nairobi, lililobuniwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso, lilifunguliwa 1973. Ukumbi wake wa duara unamkalisha msemaji ndani ya wasikilizaji, na huo ni uamuzi wa busara. Lakini kwa miaka mingi jumba hilo lilikuwa mikononi mwa chama cha KANU, mpaka serikali mpya ilipolitwaa mwaka 2003. Jengo linaweza kuwa duara kwa ndani, na likawa na pembe kali kwa nje.

Kituo cha Mikutano cha Arusha kinatufundisha zaidi. Kilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Jumuiya ikavunjika 1977. Kikafanywa kituo cha mikutano mwaka 1978. Kisha kikaipokea Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kwa Rwanda, iliyofanya kazi hapo hadi 2015. Humo mashahidi walisema Kinyarwanda, na maneno yao yakafasiriwa papo hapo kwa Kiingereza na Kifaransa kupitia vipokea sauti masikioni. Huu ndio mfano wetu bora wa jengo lililonyumbulika. Na tuangalie ni kitu gani kililiwezesha: si kuta za kusukuma, bali wakalimani. Pasipo kibanda cha mkalimani, ukumbi ule ungekuwa mawe tu.

V. Palma na mkutano wa gesi

Sasa tufike Palma. Tangu gesi asilia ilipogunduliwa baharini mwaka 2010, rasi ya Afungi imekuwa mahali pa mradi mkubwa, na wakazi wa kijiji cha Quitupo walihamishiwa makazi mapya ya Quitunda. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inazitambua haki za jamii zinazokaa juu ya ardhi kwa desturi, na inataka jamii zishauriwe. Kwa hiyo mkutano wa kijiji katika pwani ile si sherehe. Ni mahali ambapo shamba la minazi na ufuo wa kuvulia huweza kubadilishwa kwa ahadi.

Mkutano wa namna hiyo una jengo lake, hata likiwa turubai na viti vya plastiki. Nani anakaa kivulini na nani juani? Meza inawatazama watu au watu wanaitazama meza? Ramani imeandikwa kwa lugha gani? Mkalimani anakaa upande wa nani, naye hufasiri maneno yote au muhtasari tu? Karatasi inayosainiwa mwishoni imesomwa kwa sauti katika Kimwani, Kimakonde na Kiswahili? Msanifu akituambia kuwa turubai lake linakunjwa na kuchukuliwa popote, twamshukuru. Lakini maswali haya hayakunjwi. Methali yetu yasema penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli kama hao wengi wamelielewa neno. Vinginevyo hapo penye wengi ndipo neno huharibika kwa wengi mara moja.

VI. Mitambo na hofu

Yamebaki mambo ya mitambo. Watetezi wake husema kuwa simu ya mkononi na intaneti zimeondoa kuta zote. Historia ya karibuni ya Cabo Delgado inatutaka tuwe waangalifu. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Dhoruba Kenneth ikaipiga pwani Aprili 2019, ikaharibu vibaya Ibo na Macomia. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika, na mji ukawa kisiwa siku ulipohitaji mno kuitwa na kuitika. Aprili mwaka huo mradi wa Afungi ulisimamishwa, na agizo hilo halikuondolewa mpaka mwishoni mwa 2025. Katika vita hivyo watu zaidi ya laki saba walikuwa wameyahama makazi yao, baadhi yao wakifika Pemba kwa mashua kupitia Paquitequete.

Hapa mitambo ina hoja yenye nguvu. Kijiji kilichotawanyika hakina tena uwanja mmoja. Wazee wako Metuge, vijana Pemba, ndugu wengine wamevuka Ruvuma. Likitakiwa shauri juu ya kurudi au kutorudi, baraza lao haliwezi kuketi isipokuwa kwa sauti zinazopita hewani. Pia mwanamke ambaye hakuketi barazani aweza kusikia redio jikoni, na kwa simu aweza kujibu. Ukuta wa uani umetobolewa, na sisi hatutaki uzibwe.

Lakini kusikika ni hatari pia. Ibraimo Mbaruco, mwandishi wa redio ya jamii ya Palma, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, baada ya kumpelekea mwenzake ujumbe kwamba alikuwa amezungukwa na askari. Baada ya uchaguzi wa 9 Oktoba 2024, mgombea Venâncio Mondlane aliwahutubia wafuasi wake kwa simu kutoka nje ya nchi, barabara zikageuka kumbi. Na intaneti ikazimwa mara kwa mara usiku. Katika matukio haya twauona uwanja wa Mueda tena. Mtambo unaomwuliza kila mtu nani anataka kusema, na ukaweka jina lake, unaweza kuwa veranda ya mwaka 1960 iliyorefushwa kwa waya. Barazani, aliyekuja kusikia aliondoka bila kuandikwa.

VII. Hukumu yetu

Basi tunakubali kwamba mahali pa siasa pawe penye kunyumbulika na kuunganishwa, ila kwa masharti. Jengo liwe paa kwanza, kuta baadaye. La miti ya mikoko, mawe na makuti au la vifaa vipya, mradi wenyeji waweze kulitengeneza wenyewe dhoruba ikipita. Kiti cha kiongozi kisiinuke kuliko cha mwananchi. Liwe na njia za kutoka pande zote. Mtambo wake utumie umeme wa jua na redio kabla ya intaneti, ili usife mnara mmoja ukianguka. Kinachosemwa kitoke nje kwa urahisi, lakini jina la aliyesema lisitoke bila ridhaa yake. Na kibanda cha mkalimani kiwe kitu cha kwanza kuchorwa katika ramani, si cha mwisho.

Sharti hilo la mwisho linatuhusu sisi. Kitenzi hunyumbulika kwa viambishi, lakini mzizi wake haupotei. Ukipotea, kilichobaki ni silabi tu. Mzizi wa mkutano wa siasa ni mtu mmoja kumwelewa mwingine na kuweza kumjibu bila hofu. Msanifu hawezi kuujenga kwa saruji, wala fundi wa mitambo kuuvuta kwa waya. Walimu wa lugha wana sehemu yao: kufundisha vijana wa Palma na Mocímboa kufasiri kwa uaminifu, kusoma hati kwa sauti bila kuruka sentensi, na kuuliza swali mara ya pili jibu lisipoeleweka. Siku turubai litakapofunguliwa tena huko Quitunda au Mocímboa da Praia, watu watatazama kwanza nani ameketi wapi. Halafu watasikiliza kama lugha yao imeitwa. Tuwe tumeandaa wa kuitika.